Karatasi Uliyoiosha

Marodoka, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mama,

Nimeacha mstari wa juu wazi. Barua zangu zote kwako nilizianza kwa jina la Mungu, kisha nikakuuliza hali yako, kisha bila kungoja jibu nikaingia kwenye mambo yangu. Leo sijui barua ya namna hii hutanguliwa na nini, kwa hiyo mstari ule ubaki hivyo kwanza.

Nimekaa juu ya mkeka wako, mgongo kwenye sanduku lako, na daftari langu la kila siku liko gotini. Nisamehe kwamba hata sasa nakuletea habari za kodi. Lakini kazi ile uliimaliza wewe, nami sikujua mpaka juma lililopita.

Naandika Kiswahili kama nilivyokuandikia siku zote, ingawa huku kwetu Nosy Be sokoni watu husema Kisakalava, na wewe na Bi Echa mlikichanganya Kisakalava na Kingazija kama watu wanaopika chungu kimoja. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya dua, ya mizani ya babu na ya majina ya mbao za chombo. Miaka miwili ya Unguja imenizoesha kukisema mchana kutwa. Ungenicheka. Ungesema nazungumza kama mtu anayehutubia.

Jana nilishuka bandarini Andoany saa tatu asubuhi nikaja kwa miguu, mzigo nikautanguliza kwa gari la ng'ombe. Nilitaka kuingia polepole, nikapita kwanza kaburini. Bi Echa alinipa ufunguo bila kusema neno, na wewe unajua mambo lazima yawe mazito ndipo jirani yako akose neno. Mlango umevimba kwa mvua, nikausukuma kwa bega. Ndani palikuwa na harufu ya langilangi kavu, yale maua uliyokuwa ukiyaweka kati ya nguo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Pasi ya makaa dirishani. Mwiko kwenye msumari. Na bakuli la kauri lenye maua ya buluu, lile lililomeguka mdomo, limefunikwa kitambaa juu ya rafu.

Nililishika bakuli lile nikakaa chini. Sikulia kaburini, Mama, nililia hapo.

Unakumbuka jinsi tulivyofanya kila Shaabani? Mfungo ukikaribia ulitoa makaratasi yote ya nyumba, ukayamwaga juu ya mkeka huu huu, ukaniita. Ulisema karatasi yenye jina la Mungu haikanyagwi, haifungiwi samaki, wala haichomwi pamoja na takataka. Ikishamaliza kazi yake huoshwa wino wake kwa maji safi, na maji yale humwagwa mahali pasipopitwa na miguu. Herufi za Kiarabu ulizitambua kwa sura. Herufi za vazaha, yaani za Wafaransa wetu, hukuzijua hata moja, na hizo ndizo zilizokutia wasiwasi. "Nani ajuaye limejificha wapi humo," ulisema. Basi mimi nilikuwa macho yako. Ulinyanyua karatasi moja moja, kifuko cha majani ya chai, hesabu ya duka, bahasha, ukaniuliza, "Hii inalo?" Nami nasoma kwa sauti ya kikarani, nikiwa na miaka minane: "Hii haina. Hii haina. Hii ina Abdurahmani."

"Weka kwenye bakuli."

Maana jina la mtu likiwa na jina la Mungu ndani yake, kwako lilikuwa limetosha. Na mimi uliniita Abdallah. Kwa hiyo kila karatasi ya shule yenye jina langu ilikwenda kwenye bakuli: mazoezi yangu ya hesabu, ramani za mito ya Ufaransa, imla zenye masahihisho mekundu. Cheti cha mwisho tu ndicho kilichonusurika, kwa kuwa kilitiwa kioo. Nilipokuwa sekondari Mahajanga nikirudi likizo, ulinionyesha maji ya zambarau ndani ya bakuli kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mavuno. "Angalia ulivyosoma mwaka huu," ulisema. Kisha ukayamwaga kwenye shina la ule mlangilangi wa nyuma ya nyumba, mche ulioomba kwa msimamizi wa shamba ulipokuwa ukichuma maua alfajiri ili nipate ada. Ulichuma maua mpaka vidole vikanuka harufu ile hata ukitoka kuoga. Baba alikuwa amekufa sijaota meno ya pili. Ada yote ilitoka kwenye vidole vile.

Nina la kuungama hapa, dogo. Siku moja nilikudanganya. Ulitaka kufungia dagaa kwenye ukurasa wa gazeti la Kifaransa, nami nilitaka picha ya mashindano ya baiskeli iliyokuwa nyuma yake. Nikakwambia, "Mama, hii inalo, tena mara mbili." Ulilibusu gazeti lile ukaniachia. Picha niliificha chini ya godoro mwaka mzima. Nadhani ulijua. Uliniuliza baadaye, umegeuka upande, kama yule Abdurahmani aliyepanda baiskeli alishinda.

Sasa nije kwenye risiti.

Nimefungua daftari la mwaka ule. Siku niliyolipa kodi nimeandika hivi tu: "Nimelipa kodi ya mapato. Joto. Mama yuko nje chini ya kivuli cha ukuta, amefunga." Basi. Mimi niandikaye mpaka bei ya wembe, sikuandika namba ya risiti. Ulikuwa umekuja Mahajanga, nilikokuwa nikifanya kazi, kula Idi pamoja nami na kuniaga. Kampuni ya karafuu ya Unguja ilikuwa imeniita kwa kuwa najua kuandika barua za Kifaransa, na serikali haikumruhusu mtu mwenye mshahara apande meli kabla hajaonyesha kwamba hadaiwi kodi. Nililipa ya mwaka mzima, ingawa mwaka ulikuwa umefika nusu tu, kwa sababu meli ilikuwa ikiondoka Jumapili na sikutaka kubishana. Gatini nilikutia ile risiti mkononi nikasema, "Niwekee hii, Mama." Sikusema ni ya nini. Sikusema uiweke mpaka lini. Karatasi zote za nyumba ulizitunza wewe, nikaona neno hilo linatosha.

Mwaka ukapita, ikaja Shaabani, na mimi sikuwepo kuwa macho yako.

Unguja nilikutana na mhasibu mmoja wa Kingazija, mtu mpole, akaniambia kwamba aliyeondoka katikati ya mwaka ana haki ya kurudishiwa kodi ya miezi ambayo hakupata mshahara kule. Aombe kabla mwaka wa pili haujaisha, na risiti yenyewe iwepo. Nilipiga hesabu usiku ule ule. Ilikuwa karibu sawasawa na nauli ya mtu mmoja, sitaha, kutoka Nosy Be mpaka Unguja. Nauli yako. Nilikuwa nimekwisha kukutafutia chumba, Mama, chenye dirisha la upande wa msikiti, na mwenye nyumba nilimwambia mama yangu atakuja kabla ya mvua. Mshahara wangu ulikuwa haubakizi kitu. Ile kodi ndiyo iliyokuwa njia.

Nikakuandikia: nitumie ile risiti upesi, kwa rejista.

Bahasha ilifika baada ya majuma matano. Niliifungua mezani pangu kazini. Ndani mlikuwa na fomu ya serikali, safi, imepigwa pasi ikanyooka kama kola ya shati. Maandishi ya mashini yote yalikuwapo. Lakini kwenye mistari ambapo karani aliandika kwa mkono, jina langu, kiasi, tarehe, namba, hapakuwa na kitu. Weupe mtupu. Muhuri ulibaki duara hafifu la rangi ya waridi, kama alama ya kikombe. Na mistari miwili ya mwandiko wa Bi Echa: "Mama yako asema, hii hapa. Ilikuwa na jina lako, akaiosha vizuri wakati wa Shaabani. Karatasi yenyewe aliiweka kwa kuwa ni nzuri."

Wenzangu wa ofisini walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Leo naweza kucheka nao. Siku ile sikuweza.

Barua niliyokuandikia jioni yake ninayo. Wewe hujui kwamba kila barua niliyokutumia niliinakili kwanza ndani ya daftari, kwa wino ule ule wa zambarau, tarehe juu. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote. Siirudii yote hapa. Nilisema nimechoka na ushamba. Nilisema Mungu hakuagiza mtu afue risiti za serikali. Nilisema, "Nauli yako umeimwaga kwenye shina la mti. Basi kaa na mti wako." Nikaanza barua ile kwa jina la Mungu, kama kawaida, kwa mazoea ya mkono tu, na nikaipeleka posta kabla hasira haijapoa kwa sababu meli ya barua ilikuwa inaondoka. Na nilijua kwamba itasomwa kwa sauti. Nilijua atakayeisoma ni Bi Echa, ambaye huishika barua mbali na uso kama mtu anayeogopa itamng'ata, na kuisoma kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Jibu lako lilikuwa fupi. "Nimesikia, mwanangu. Kula vizuri." Halikuwa na neno la radhi, wala la hasira. Nililigeuza geuza. Nikasema nitakuomba msamaha ana kwa ana, mdomo kwa sikio, si kwa koo la Bi Echa. Nikapanga kuja likizo yangu ikifika. Mimi ni mtu wa kupanga. Kisha mvua zikaanza, na simu ya maandishi ikafika, maneno sita, na wewe ulikuwa umekwisha kuzikwa siku tatu.

Tangu siku ile nina swali moja tu, na ndilo lililonileta. Kama ulikwenda na barua ile kifuani.

Miezi ikapita. Kisha ikaja barua ya ofisi ya kodi ya Mahajanga: ombi langu limekubaliwa, nifike au nitume mwakilishi. Nilidhani wamekosea mtu. Ombi nililopeleka bila risiti lilikuwa limekataliwa zamani, jibu lao ninalo. Hata hivyo likizo yangu ilikuwa imefika, nikapanda meli.

Mahajanga haijabadilika sana. Pusipusi, vile vigari vya kuvutwa na mtu, bado zinapita na wavutaji wao wakipiga kelele watu wajitenge, na mtaa wa Mahabibo bado unanuka vitumbua asubuhi. Ofisi ni ile ile, na ukuta ule ambao wewe ulikaa kivulini kwake umepakwa chokaa upya. Dirishani palikuwa na karani Mmalagasi, mtu wa makamo mwenye mikono ya shati iliyobanwa kwa mpira. Anaitwa Randria. Nilimpa barua yangu. Akalisoma jina, akaniangalia, akavua miwani.

"Wewe ndiye mtoto wa bibi wa mkeka?"

Nikamwambia mama yangu hajapata kuja hapa, isipokuwa siku ile alipokaa nje.

"Hajapata?" Akamwita mwenzake wa meza ya nyuma. "Njoo umwone! Yule mwenyewe aliyezaliwa!"

Wakacheka wote wawili, si kwa ubaya. Kisha nikawaambia kwamba umekufa. Randria akafunga dirisha lake, watu wa foleni wakanung'unika, akanitoa nje, na pale barazani akanisimulia. Alichanganya Kifaransa na lugha ya kwao, nami nakuandikia nilivyoelewa.

Alisema ulifika Jumatatu moja kabla hawajafungua, ukatandika mkeka barazani kwa kuwa benchi liliumiza kiuno. Zamu yako ilipofika ukasema unataka risiti ya mwanao, kwa kuwa ile ya kwanza umeiosha. Alidhani hajasikia vizuri. Akakwambia nakala hutolewa kwa mwenyewe tu.

"Mwenyewe nilimzaa mimi," ulimjibu. "Kama ni mwenyewe, mimi ndiye mwenye mwenyewe."

Akakwambia urudi kwenu. Ukasema utangoja. Jumanne ukaja. Jumatano ukaja na vitumbua ukawagawia watu wa foleni, pamoja na askari wa mlangoni. Alhamisi yule vazaha mkubwa wao akauliza ni nani huyu bibi anayefanya baraza lake kama ukumbi wa harusi, na Randria, ili yaishe, akakubali kutafuta kwenye vishina, vile vipande vinavyobaki kitabuni risiti ikichanwa. Lakini vitabu vilikuwa vingi, akahitaji tarehe. Mimi mwenyewe nilipowaandikia sikuwa nayo sawasawa, nilikuwa nimetaja siku mbili tofauti.

Wewe ulikuwa nayo. Ulimwambia, "Alilipa siku niliyokuwa na funga yangu ya nne katika zile sita za baada ya Idi. Nakumbuka kwa sababu nilikaa hapo ukutani na kiu ikanishika, nikasema bado mbili."

"Bibi," akakwambia, "serikali haina kalenda ya kiu yako."

Ukatoka. Akadhani umekata tamaa hatimaye. Baada ya kitambo ukarudi umebeba kalenda ya ukutani, kubwa, ya mwaka uliopita, yenye tarehe za pande zote mbili, za Kiislamu na za Kizungu, ambayo mfanyabiashara wa Kihindi wa ng'ambo ya barabara alikuwa bado hajaitoa ukutani. Msumari wake ulikuwa umekuja nayo. Mfanyabiashara mwenyewe alikuja nyuma yako akiuliza kalenda yake inakwenda wapi. Mkahesabu wote watatu kwa vidole, tangu Idi, moja, mbili, tatu, nne. Kitabu kikafunguliwa. Jina langu lilikuwa la pili kutoka juu.

Randria alikuandikia ombi jipya. Ukatia alama ya dole gumba. Ulimwuliza kwanza wino ule huoshwa kwa kitu gani. Akasema, "Kwa sabuni na subira." Ukacheka. Kisha ukamwambia asiniandikie kwamba ulikuja. Akauliza sababu. "Ataona namfuata nyuma na mfuko wake wa shule," ulisema. "Mwache aone serikali imemkumbuka."

Mama.

Akanipeleka ndani nitie saini. Karatasi ilikuwa ile ile. Dole lako liko pembeni chini, duara dogo la buluu iliyoiva, na katikati yake pana mkato, ule wa kisu cha muhogo. Nafasi ya saini yangu ilikuwa ubavuni mwake. Unaijua saini yangu, ina mkia mrefu niliojifunza shuleni kwa majivuno. Niliukata mkia ili usiliguse dole lako. Randria aliona, akajifanya anatafuta muhuri.

Nilipata fedha mkononi na sikujua ni za nini tena. Chumba chenye dirisha la msikiti kimekwisha kupangishwa. Nilikaa Mahajanga siku tatu nikingoja meli ya pwani, na kila siku nilipita mbele ya baraza lile. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu. Maana sasa niliona umekuja kwa sababu ya barua yangu. Niliyesema kaa na mti wako ndiye niliyekutoa kwenye mti wako, nikakulaza sitaha ya meli, ukarudi na kikohozi, kama nilivyoambiwa hapa Marodoka jana.

Hayo ndiyo niliyomwambia Bi Echa jana jioni. Alikuwa anachambua mchele. Sikuweza kumwangalia.

"Usijipe ukubwa, Abdallah," akasema. "Malaika wa mauti haendi ofisi ya kodi kuuliza ruhusa. Kikohozi cha melini kilimtoka, akachuma maua siku nyingi baada ya hapo akinitukana. Aliondoka kwa homa, kama watu."

Nikamwuliza juu ya barua. Nimetafuta sandukuni, nikamwambia, barua zangu zote zimo kwa mpango, zimefungwa kwa uzi wa kushonea, ila ile moja. Nikamwuliza kama aliisoma yote. Nilitumaini, naungama, kwamba aliruka maneno.

"Niliisoma yote," akasema. "Nilitaka kuruka. Nilipofika kwenye ushamba nikakohoa. Mama yako akaniambia, 'Echa, soma kama alivyoandika, sikukuajiri uipike.' Nikasoma mpaka mwisho. Mpaka mti."

"Akasema nini?"

Bi Echa akaweka ungo chini.

"Akaichukua barua mkononi mwangu. Kisha akauliza, 'Ameianza kwa jina la Mungu?' Nikamwambia ndiyo, liko juu pale, kama siku zote. Akasema, 'Basi lete bakuli.'"

Mama, nilimwomba alirudie neno hilo, akalirudia.

Alisema uliiosha saa ile ile, mlangoni, mchana, watu wakipita. Haikuwa Shaabani. Uliipangusa kwa vidole mpaka ikawa nyeupe, ukayatazama maji. Yeye akakwambia mtoto yule amekukosea adabu, angekuwa wake angemrudishia maneno yake kwa meli ile ile. Nawe ukamjibu, "Mkono ukinyewa na mtoto haukatwi, Echa. Huoshwa." Ukainuka ukaenda kumwaga kwenye shina la mlangilangi. Kisha ukauliza meli ya Mahajanga inaondoka lini, na kama ana mkeka mwepesi kuliko wako.

Kwa hiyo hukuwa nayo kifuani. Hukuwa nayo hata ukucha mmoja. Mwaka mzima nimeibeba mimi peke yangu, nimeinakili na tarehe juu.

Nilitaka kumpa Bi Echa ile nauli, aje Unguja badala yako. Alikataa kabla sijamaliza. "Mimi na bahari tuliachana zamani, na talaka niliitoa mimi." Lakini nilimwona leo akimsomea jirani barua ya mumewe, mkono umenyooka kabisa, na bado haufiki; imebidi mtoto asimame mbali akiishika barua yeye akiisoma. Basi nimeamua. Khitma yako tumeipanga kesho baada ya sala ya Ijumaa, na kaburi lako litapigwa chokaa. Fedha zitakazobaki zitanunua miwani Mahajanga nikipita. Randria ameniambia yake aliipata wapi. Nauli yako itakaa puani kwa Bi Echa. Nadhani ungependa, na ungesema sasa ataanza kuona vumbi la nyumba yake mwenyewe.

Ijumaa, asubuhi

Nimeamka mapema. Wachumaji wamepita na vikapu vyao, mmoja akaita jina lako kwa mazoea, kisha akasikika akijikemea.

Sijapata kuchana ukurasa wa daftari langu maisha yangu yote. Leo nimeuchana mmoja. Nimechota maji ya kisima kwa bakuli la maua ya buluu nikautia ule ukurasa, nikangoja. Ulisema kweli, wino wa zambarau huondoka upesi. Lilitangulia neno la juu, kisha tarehe, kisha ushamba, kisha mti. Nilipangusa kwa dole gumba kama ulivyofanya. Maji yamekuwa rangi ile ya kila likizo. Angalia nilivyosoma mwaka huu, Mama.

Nimeyamwaga kwenye shina. Mti una maua mengi, yale ya kijani yasiyoiva bado.

Meli yangu inaondoka Andoany kesho. Nakuahidi haya: kila Shaabani, popote nitakapokuwa, nitatoa makaratasi ya nyumba na kuyamwaga mkekani, na nikijaliwa mtoto nitamwambia awe macho yangu hata kama ninaona. Na nikikasirika sitaipeleka posta siku ile ile. Bakuli nalichukua. Bi Echa ameridhia, kwa sharti kwamba nisilifungie ndani ya magazeti.

Lala salama, Mama, umelala mahali pazuri, upepo unafika. Barua hii nitakusomea kaburini baada ya khitma, kwa sauti yangu mwenyewe, yote, bila kuruka. Kisha sitaki itupwe. Kwa hiyo sasa narudi kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye ule mstari nilioacha wazi, niandike jina la Mungu.

Mwanao,
Abdallah